Nani Hasa Aliyeibiwa?

Tangu nipigiwe simu na sahibu yangu wa utotoni, mtu wa pwani yetu hii (kama ni wa Lungalunga au wa Horohoro si shughuli ya makala haya, maana masaibu kama yake yamewafika watu wa pande zote mbili za mpaka), ghadhabu haijanitoka. Bwana huyu ni mkaazi wa Lisbon kwa miaka mingi, apika katika mkahawa, alipa kodi, wala hajapata kugombana na mtu. Asubuhi moja aliitia pasipoti mkobani aende akafanye upya kibali chake cha ukaazi, kwa kuwa kibali hakifanywi upya ila kwa pasipoti iliyo hai, akapanda tramu ya namba 28, ile ya njano ipandayo vilima vya mji wa kale, nayo imeshona watalii hata pa kuweka unyayo hapana. Aliposhuka, zipu ilikuwa wazi na pasipoti haimo.

Polisi wa huko walimwandikia ripoti kwa adabu na kumpa pole. Taabu ilianza kwa watu wake mwenyewe. Nchi zetu haziwezi kuweka ubalozi katika kila mji mkuu, na aghalabu balozi mmoja huwakilisha mataifa kadhaa. Basi ikamlazimu avuke mpaka kwenda kutafuta pasipoti, ilhali sheria yamtaka mgeni avukaye mpaka awe nayo mkononi. Alipofika, karani, kijana wa umri wa kumzaa, aliipokea nakala ya pasipoti iliyopotea, karatasi iliyokunjwa mara nne hata mstari wa kunjo ukampita usoni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha.

"Mzee wangu, karatasi hii yeyote aweza kuitoa. Sisi tutajuaje kuwa wewe ni mwenzetu?"

Akatakiwa alete cheti cha kuzaliwa, na vya wazazi wake, watu waliozaliwa zama ambazo mkunga hakuwa akiandika chochote, pamoja na maelezo ya uzembe wake. "Mwanangu, nimeibiwa," alisema. Akajibiwa aandike hivyo hivyo, kisha aeleze kwa nini hakuitunza. (Vasco da Gama, ambaye kaburi lake liko Lisbon hiyo hiyo, alipotia nanga Malindi mwaka 1498 hakuulizwa cheti cha mamake, alipewa rubani.) Ikiwa ana haraka, aliambiwa, ipo hati ya dharura, nayo ingemfikisha nyumbani bila ya kumrudisha kazini.

Najua atatokea wa kunipinga, aseme kwamba pasipoti zina soko, kwamba wako waziuzao kisha wakalia kuibiwa, na kwamba serikali isiyochunguza itawapa hati zake watu wasio wake. Kweli tupu. Lakini kwa ajili ya kitabu kilichoibwa dawa imekwisha kupatikana: tangu mwaka 2002 polisi wa kimataifa, Interpol, wana daftari la hati za safari zilizoibwa na kupotea, na nambari ikishaandikwa humo kitabu kimekufa, hata kama kesho mfagiaji wa barabara atakiokota na kumrudishia mwenyewe. Na kwa ajili ya mtu je? Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2017, Tanzania ikafuata Januari 2018, na kila aliyeiomba aliweka vidole vyake juu ya kioo. Vidole hivyo mwizi hakuvichukua, na serikali inavyo. Maadamu ithibati ipo katika hazina yake yenyewe, kwa nini imtume mpishi akaifukue makaburini?

Fauka ya hayo, pasipoti kwa sheria ni mali ya serikali. Raia ameshikishwa tu. Basi aliyeibiwa siku ile ndani ya tramu ni serikali, na sahibu yangu alikuwa mwenye kuwekeshwa amana. Tulisomeshwa madrasani kwamba aliyewekeshwa amana hadhamini kilichopotea ila akiwa amefanya taksiri, na kufungia kitu mkobani, kifuani pako, ukienda kukionyesha panapostahili, sijui ni taksiri ya mlango gani.

Laiti ningekuwa na amri katika ofisi ile, kazi ingeanzia kwenye kioo cha vidole. Vikilingana, mtu angetoka siku hiyo hiyo na barua yenye muhuri ya kumwonyesha mwajiri na idara ya uhamiaji kwamba pasipoti yake i njiani. Visipolingana, au ikiwa ni mtu wa pasipoti za zamani asiyekuwa na vidole daftarini, hapo ndipo vyeti viulizwe. Ama ile karatasi ya kueleza uzembe, ningeifuta siku ya kwanza.