Kreti ya soda

Alhamisi ya juma hili, juma la tatu la Pasaka, somo la kwanza linatupeleka barabarani. Towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake, anarudi kwao kwa njia ya jangwani itokayo Yerusalemu kwenda Gaza. Ameketi garini, anamsoma nabii Isaya (Mdo 8:26-40). Sisi wa Bigwa somo hili hutukuta kila mwaka masika yamekolea, Uluguru imejifunika ukungu tangu juzi, na baada ya Misa ya asubuhi swali ni lilelile: njia ya Kinole inapitika?

Nimelihubiri mara nyingi nikiongelea ubatizo. Leo niruhusuni niongelee gari.

Gari la parokia mnalijua. Ni Land Cruiser ya zamani, springi za majani mbele na nyuma. Lilinikuta hapa na huenda likaniaga hapa. Kwenye kadi jina langu halimo, ila nikiwa nalo mjini huwa nasahau. Mwaka jana, kabla ya masika, jumuiya zilichanga tukaliongezea majani ya springi na vyuma virefu vya kuyashikilia, likanyanyuka inchi tatu. Tukafunga tairi pana za meno, ngao mbele, na mkonga ule wa kuvutia hewa juu ya paa. Mkonga niliutaka mimi, nakiri. Mnajua mambo ya mji wetu: VX ni shangingi, na Land Cruiser yenye mkonga nayo ina heshima yake; hata trafiki humsalimu dereva kwa sauti nyingine. Jumapili ile watu walilizunguka kama bibi harusi, nami nikalinyunyizia maji ya baraka kwa mkono mkunjufu kupita kawaida.

Juma lililofuata nilikwenda kigangoni kumchukua bibi mmoja aliyevimba miguu, nimshushe hospitali mjini. Miaka yote bibi huyu alipanda mwenyewe: mkono kwenye mlango, mguu kwenye kikanyagio, amefika. Safari hii kikanyagio kilikuwa usawa wa paja lake. Alikitazama, akanitazama, akacheka.

“Baba, gari mmelinunulia miguu. Mimi je?”

Kijana mmoja alikimbia dukani akaleta kreti tupu ya soda. Bibi akakanyaga kreti, akapanda. Tangu siku hiyo kreti haijatoka kwenye gari.

Sitaki mseme padre anachukia marekebisho. Mawe ya njia zetu yamepasua sampu za magari mengi ya chini, na kuliinua gari kuna maana yake, ingawa gari refu huyumba zaidi kwenye kona na huhitaji dereva mpole. Mkonga nao una kazi: injini ikivuta maji badala ya hewa inakufa papo hapo, kwa kuwa maji hayabanwi ndani ya silinda, na koni rodi hupinda. Shida yetu ilikuwa chini, mahali ambapo waliolizunguka gari Jumapili ile hawakuinama kupatazama.

Fundi wetu, mzee wa maneno machache, alilala chini ya gari mwezi mmoja baadaye akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, akiwa bado huko chini: “Padre, mmemvisha suti mtu asiyeoga.” Krosi za propela zilikuwa kavu, hazijaonja grisi tangu lini. Alipofungua difu ya nyuma, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Akanieleza. Difu ina kibomba kidogo cha kupumulia. Ikitumbukia mtoni ingali ya moto, hewa iliyomo hupoa ghafla na kusinyaa. Kibomba kikiwa kimezibwa na tope, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Kwa hiyo juu injini ilikuwa inavuta hewa safi kwa mkonga wa fahari, na chini difu ilikuwa inakunywa mto. Kibomba chenyewe kilizibuliwa kwa waya.

Sijamaliza kujishtaki. Gari letu lina zile habu za magurudumu ya mbele ambazo hufungwa kwa kuzizungusha kwa mkono. Ukivuta gia ndogo ukiwa kitini bila kuzifunga, vyuma vya mbele vinazunguka lakini magurudumu hayavuti. Lazima ushuke, uiname, uzifunge, tena kabla ya matope. Siku moja kwenye mlima wa Kinole mvua ilikuwa inanyesha, kanzu yangu ilikuwa nyeupe, nami nikajisemea tutapita hivihivi. Hatukupita. Kijana niliyekuwa naye aliposhuka kuzifunga, habu zenyewe zilikuwa zimezama kwenye tope, ikabidi azitafute kwa vidole. Akina mama waliokuwa wanateremka na ndizi walitua mikungu yao kando, wakasukuma. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, kanzu safi.

Sasa mtazameni yule towashi. Ni mkubwa wa serikali ya malkia, ameketi garini. Mtu anayekwenda kwa miguu anamkimbilia na kumuuliza kama anaelewa anachosoma. Hakuudhika. Akakiri hana wa kumwongoza, akamwomba apande, aketi naye. Walipofika penye maji akaamuru gari lisimame, wakashuka wote wawili. (Kumbe palikuwa na mwendesha gari. Amesikia mafundisho yote ya Isaya tangu mwanzo, na Luka hamtaji. Kwa kuwa nami ni dereva, mtu huyu huniumiza moyo.)

Hata hapa kwetu Uluguru, Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Matombo mwaka 1897 walifika bila gari. Wala si kwamba miguu ni mitakatifu kuliko magurudumu. Mwaka 1925 padre Mjerumani, Otto Fuhrmann, alifariki kwa ugonjwa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Namibia, mbali na tiba na bila chombo cha kumfikisha haraka. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliumia sana, akaanzisha MIVA mwaka 1927, shirika la kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, na hadi leo linaendelea. Nikisaini karatasi ya grisi na oili, humkumbuka Fuhrmann. Pengine mhasibu wetu naye amkumbuke anapoikata bajeti hiyo.

Jumatatu fundi aliondoa vile vyuma virefu. Majani ya springi yamebaki, gari limeshuka kama inchi mbili, na kikanyagio kimerudi karibu na mahali pake. Habu nazifunga mwenyewe pale Kiroka, kabla ya matope, barabara ingali imara. Kreti nilitaka kuirudisha dukani. Bibi amekataa. Anasema miguu haijapona vizuri, na ameshazoea kuikalia akisubiri mvua ipungue.