Kwanza Macho, Ndipo Kikapu

Mwaka juzi Shangazi yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Songea, nami nikamtembeza mjini vibaya. Nasema vibaya ingawa hatukupotea wala hatukuibiwa. Tulianzia Kariakoo saa mbili asubuhi, kwa sababu ndilo jina alilokuwa nalo kichwani tangu utotoni, na ilipofika saa tano alikuwa na sufuria tatu zilizopachikwa moja ndani ya nyingine, viatu vya wajukuu, na mfuko wa salfeti uliokwisha kuchanika mshikio. Kuanzia hapo siku yetu ikawa ya mizigo. Tulipofika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, tuliingia kwa zamu: mmoja akilinda vitu kivulini, mwingine ndani. Alipotoka nilimuuliza ameona nini. Akanijibu, "Nimeona, mwanangu, lakini nilikuwa nawaza sufuria."

Jibu lile nimelitafakari sana. Mwanzoni nilidhani shida ilikuwa uzito tu, kwamba mikono ikijaa miguu huchoka. Sasa naamini ni zaidi ya hapo. Mtu akishaanza siku yake kwa kuuliza "bei gani?", jicho lake linageuka. Kila linachokigusa kinakuwa ghali au rahisi, cha kuchukua au cha kuacha. Ukimpeleka baada ya hapo mbele ya kitu kisichouzwa, hana pa kukiweka. Ndiyo maana siku hizi, mgeni akija kwangu, au nikiamua mwenyewe kuutembea mji huu ninaoishi, nafuata utaratibu mmoja: vya kutazamwa kwanza, vya kununuliwa mwisho.

Shangazi aliporudi mwaka jana tulikaa naye usiku mmoja kabla, sebuleni, na karatasi ya daftari. Niliandika sehemu tatu tu: Feri, Makumbusho, Sanamu ya Askari. Kisha Kariakoo. Kuandika tatu kuliniuma, maana niliyoyaacha ni mengi na nayapenda: kanisa la Azania Front na paa lake jekundu linaloitazama bandari, Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, Boma la Kale lililojengwa kwa mawe ya matumbawe siku za Sultani Majid bin Said, Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo, wachonga vinyago wa Mwenge na mpingo wao. Lakini anayetembea bila kiongozi wa watalii hana mtu wa kumwambia basi. Lazima ajiambie mwenyewe. Na naona kuacha ni heshima kwa kile ulichokichagua, kama vile mgeni anayepita nyumba kumi kwa siku moja asivyokuwa mgeni wa nyumba yoyote.

Yeye naye alichukua kalamu akaandika yake. Nilitegemea kuona sukari, kitambaa, sabuni. Aliandika majina ya watu. Mjukuu wa kwanza, mjukuu wa pili, jirani aliyebaki akimlishia kuku, mama mmoja wa jumuiya aliyemuuguza. Majina saba. "Kila jina kitu kimoja," alisema, "na likiisha, tumemaliza." Sijawahi kuona orodha ya manunuzi iliyo bora kuliko ile. Orodha ya vitu haina mwisho, kwa kuwa duka daima lina kitu usichokuwa nacho. Orodha ya watu inakwisha, na inakwisha kwa furaha.

Tulipanda mwendokasi Kimara hadi kituo cha mwisho, Kivukoni, na kufika Feri, soko la samaki, saa moja na nusu. Saa hiyo mnada umeshika moto. Samaki wamelazwa mafungu mafungu, changu, kolekole, jodari, na dalali anapaza sauti huku akimtazama kila mnunuzi machoni, asikose hata ishara ya kidole. Wengi wanaonunua ni kina mama wanaokwenda kukaanga na kuuza mitaani. Wanajua bei ya fungu kabla dalali hajafungua kinywa. Shangazi, aliyezoea samaki wa Ziwa Nyasa, alisimama mbele ya kijana mmoja aliyekuwa na pweza kwenye ndoo. Akamuuliza anapikwaje. Kijana akamtoa mmoja, akamwonyesha jinsi anavyopigwa chini mpaka alainike, halafu akamwachia aguse mikono yake. "Usiogope, bibi, amekufa huyu." Hatukununua, na kijana hakununa. Alikuwa ameulizwa juu ya kazi yake na mtu aliyetaka kujua kweli. Mkoba ukiwa mtupu, mazungumzo ya namna hiyo yanapata nafasi.

Makumbusho hatukukaa sana. Shangazi alitaka habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, la miaka ipatayo milioni moja na laki saba na nusu. Alitikisa kichwa, akasema ni muda mrefu kukaa bila kuzikwa. Kisha akavutwa na habari za Majimaji, vita vya 1905 hadi 1907, kwa sababu hizo ni za kwao. Mji wake unabeba jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hapo sikusema kitu. Kiongozi mwema hujua mahali ambapo mgeni ndiye mwenyeji.

Mahali palipobeba siku yetu palikuwa pale kwenye makutano ya Samora, kwenye Sanamu ya Askari. Nakiri nimeipita sanamu ile maelfu ya mara, nikiwa ndani ya daladala au nikikimbilia ofisi fulani kabla dirisha halijafungwa, bila kusimama mbele yake hata dakika moja. Iliwekwa mwaka 1927, badala ya sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Ni ya shaba: askari Mwafrika ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Maandishi ya chini yamewekwa kwa Kiswahili pia, na hayawataji askari peke yao. Yanawataja na wapagazi.

Shangazi alisoma polepole, kwa sauti, kidole kikifuata herufi. Alipofika kwenye wapagazi akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika familia yetu: kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, yaani Vita Kuu ya Kwanza, akaondoka na wenzake wanne wa kijiji kile, na akarudi mmoja tu, ambaye hakuwa yeye. "Nyumbani hatuna kaburi lake," alisema. "Kumbe ameandikwa huku."

Tulikaa kwenye ukingo wa bustani ile pengine nusu saa. Magari yalizunguka, kijana wa magazeti alipita mara mbili, muuza kahawa akatumiminia vikombe viwili na kashata. Wapagazi waliokufa katika vita vile, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, walikuwa makumi ya maelfu. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Sikujua kwamba mmoja wao ni wangu. Na nusu saa ile haikuwemo kwenye karatasi. Ilipatikana kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi, na kwa sababu hakuna mmoja wetu aliyekuwa akilinda sufuria.

Kutoka pale unaweza kuchukua bajaji, lakini mwenye miguu namshauri atembee, kwa kuwa njia yenyewe ni historia. Wakoloni waliukata mji huu vipande: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Waafrika ng'ambo. Ukifuata Samora hadi Mnara wa Saa, ukashika Uhuru, unavuka mipaka ile mmoja baada ya mwingine bila mtu kukuuliza. Kiwanja cha Mnazi Mmoja, ambako leo watu wanapumzika chini ya miti, kiliachwa wazi makusudi ili kutenga makazi ya Waafrika na ya wengine. Mbele yake kidogo ni Mtaa wa Lumumba, eneo ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Nilimwonyesha Shangazi upande wa pili wa barabara, nikamwambia, "Pale ndipo Kariakoo."

Na hapo ndipo nilipomweleza jina hilo lilikotoka. Waingereza walipoingia mjini, waliweka kambi ya kikosi cha wapagazi mahali pale; kwa lugha yao kikosi kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu wetu ikakigeuza kuwa Kariakoo. Shangazi alisimama katikati ya watu wanaopita, mkokoteni ukija na kijana wake akipiga kelele apishwe, ikabidi nimvute mkono. Soko alilolijua kwa jina tangu utotoni lilikuwa limeitwa kwa kazi iliyomuua babu yake. Mwaka mmoja kabla alikuwa amesimama papo hapo akibishania bei ya sufuria.

Ndipo tukanunua. Soko kuu lenyewe, jengo la msanifu Beda Amuli lenye paa la zege kama miavuli iliyogeuzwa, liliungua Julai 2021, lakini Kariakoo ni mitaa zaidi kuliko jengo: Kongo, Swahili, Sikukuu, Narung'ombe, Msimbazi. Tulikuwa tumegawa fedha mapema, noti ndogo mfuko wa mbele, nyingine ndani ya kitambaa alichojifunga, simu mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu. Haya nayasema haraka kwa kuwa kila mmoja anayajua.

Lisilosemwa sana ni namna ya kuuliza bei. Kuuliza bei ni kubisha hodi. Mwenye duka akikuitikia, akakutandikia doti kumi mezani, wewe umekwisha ingia kwake, na unadaiwa angalau neno la ukweli. Usimwambie "nitarudi" kama hurudi. Wapo wanaosimama tangu alfajiri na hadi adhuhuri wanakwambia hawajafungua, yaani hata mteja wa kwanza hajapatikana. Hao ahadi ya uongo inawauma kuliko kunyimwa. Shangazi alifungua kila khanga akasoma jina lake kwanza, akalinganisha na jina la mtu kwenye karatasi, akatenga tatu. Ndipo akauliza. Muuzaji alitaja kumi na tano kila doti. "Mwisho?" "Kwako mama, kumi na mbili." Akahesabu akalipa. Nje, kijana aliyebeba soksi na vitambaa vya mkononi begani alitaja elfu moja, na nilipotaka kupunguza, Shangazi alinizuia kwa macho. Baadaye akanieleza: mwenye paa mnaelewana naye, lakini aliyebeba duka lake mwilini humpunguzii. "Huyo naye ni mpagazi," alisema.

Saa tisa majina saba yalikuwa yamekwisha. Kikapu kilikuwa chepesi, alikibeba mwenyewe hadi kituo cha Msimbazi, na kwenye basi alipata kiti karibu na dirisha. Mwaka huu ameahidi kuja tena, na safari hii anataka Azania Front, Boma la Kale na kuvuka na kivuko kwenda Kigamboni, basi.

Kwako msomaji unayeishi katika jiji hili au jingine: chagua Jumamosi moja mwezi huu, andika sehemu tatu na majina machache ya watu unaowapenda, vaa viatu vya kufunga, utoke mapema. Sanamu ya Askari haina kiingilio, iko wazi saa zote, na maandishi yake yanasomeka vizuri zaidi kabla jua halijawa kali.