Mwambieni Kumekucha



Sote tunaijua Surat Abasa. Abdullah ibn Umm Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) wakati akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Mtume akakunja uso, aya zikashuka. Kipofu hakuuona uso ule, lakini Mola wake aliuona.

Mawaidha mengi huishia hapo. Tuendelee kidogo. Huyo huyo baadaye aliadhini Alfajiri Madina, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Watu hawakumnyang'anya kazi. Walimpa habari ambayo macho yake hayakuweza kumpa, kisha akaadhini mwenyewe.

Sasa tazameni foleni ya hospitali hapa Arua. Bibi katoka Ayivu, masikio mazito, ana mtoto wa jicho, lugha yake Kilugbara. Mjukuu wa chuo kamsindikiza. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mjukuu anajibu, wanamaliza. Bibi anatoka na dawa mkononi, ugonjwa wake haujui.

Wajukuu hao ndio sisi, na mnaosomea uuguzi mtakaa upande wa pili wa meza. Mkalimani kabeba amana: usijibu swali kabla hujalifikisha kwa mwenyewe. Mwombe daktari amgeukie bibi, uso uwe kwenye mwanga ili midomo ionekane, aseme polepole. Kupaza sauti hakusaidii. Maneno yanavurugika, na wodi nzima inasikia siri yake. Asiyeona apewe salamu na ajue ni nani, kabla ya kuguswa. Chupa ya dawa ya macho hufanana na ya masikio. Moja ifungwe uzi shingoni, vidole viijue. Kisha aeleze mwenyewe atazitumiaje. Kutikisa kichwa si jibu (wazee wetu hutikisa kwa heshima tu).

Wapo wanaosema, "Tunamficha kwa huruma." Huruma hiyo siielewi. Mzee ana madeni ambayo watoto hawayajui, ana mpaka wa shamba anaoujua yeye, ana ndugu waliyenuniana miaka. Wasia hauandikwi na mjukuu kwa niaba yake. Akifichwa mpaka ulimi uwe mzito, nani atalipa deni lile? Kama mwenyewe hataki kusikia habari ya ugonjwa wake, ni haki yake, lakini aulizwe kwanza: kwa Kilugbara, kwenye sikio lile linalosikia.