Nukta Mkato na Fuvu la Mkwawa

Ukiingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukauliza, "Viazi hii bei gani?", hakuna atakayekurudisha nyumbani ukajifunze ngeli. Utatajiwa bei, utanunua, yameisha. Sasa mtazame mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, anaandika programu kwa lugha ya C. Akisahau nukta mkato moja tu, kompaila inagoma. Tena mara nyingi inalalamikia mstari unaofuata, ambao hauna kosa lolote.

Wengi tunauita huo ukatili. Mtu kakesha, mantiki yake iko sawa, halafu anakataliwa kwa alama ndogo kuliko punje ya ulezi. Lakini je, anayekukatalia kwa kosa dogo ni mbaya kuliko anayekupitisha bila kukuelewa?

Chukua programu ya SACCOS. Mwandishi wake anataka kuuliza kama deni la mwanachama ni sifuri. Katika C, swali hilo huandikwa kwa alama mbili za sawasawa: deni == 0. Akiweka moja, deni = 0, hajauliza tena; ameamuru deni liwe sifuri. Kompaila itapitisha, pengine kwa onyo tu. Nukta mkato iliyosahaulika haikumdhuru mtu, maana programu haikuanza kabisa. Hii iliyopita ndiyo inayofuta madeni kimyakimya.

Nje ya kompyuta pia zipo sentensi zilizopita bila kosa. Iringa wanaijua moja. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi kwa Waingereza fuvu la Mkwawa, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Sarufi yake haina doa. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, na wapo wanaohoji mpaka leo kama ni lenyewe.

Kwa hiyo mimi siilaumu kompaila kwa ukali wake. Inakagua umbo, basi, na haijawahi kudai zaidi ya hapo. Kosa ni letu tunapoambiwa "hakuna kosa" tukasikia "ni kweli". Muuza viazi alisamehe sarufi kwa sababu aliishika maana. Kuishika maana ni kazi ya mtu, na inaanza pale skrini inaponyamaza.