Dalili ya Mvua ni Mawingu

Msimu wa karafuu kisiwani Pemba mara nyingi huangukia kwenye mvua za vuli. Karafuu huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, na muda wote huo wenyewe hawaishi kutupia macho mbinguni. Fukuto likizidi na wingu likaanza kujikusanya, utasikia: "Anueni!" Wakubwa kwa watoto huyakimbilia majamvi. Hakuna anayengoja tone la kwanza, maana karafuu iliyolowa huvunda, ikapauka na kushuka bei.

Methali hii imetoka kwa watu wa namna hiyo, wakulima na mabaharia waliokula kwa kuisoma hali ya hewa. Walijua kwamba wingu jeupe lililotawanyika hupita zake, na kwamba lile zito jeusi limejaa maji hata mwanga haupenyi. Walijua pia kwamba kaskazi ikikata na kusi ikaanza kuvuma, masika yamekaribia. Elimu hiyo haijafa. Magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, katika jamii ya Abanyole, wamekaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha ubashiri wao.

Kwa maana ya ndani, methali inatufunza kwamba mambo hayazuki tu. Ndoa haivunjiki siku ya talaka. Huanza kwa salamu zinazopungua na chakula kinacholiwa kimya. Mtoto haachi shule ghafla. Kwanza madaftari hubaki matupu, na kila Jumatatu tumbo humuuma. Mawingu hayo huonekana na kila mwenye macho. Kwa hiyo aliyeyaona akakaa kitako, maji yakamwingilia ndani, asiseme ni bahati mbaya. Kuona kumekwisha kumpa wajibu. Ndiyo maana methali hii ni ndugu wa "Tahadhari kabla ya hatari" na "Usipoziba ufa, utajenga ukuta".

Hata hivyo, wahenga walipima maneno yao. Walisema dalili, hawakusema mvua yenyewe. Mawingu huweza kutanda tangu alfajiri, upepo ukayapeleka kwingine. Mwenye karafuu aliyeanua bure amepoteza jasho la saa moja tu. Jua likitoka ataanika tena. Lakini wako wanaoishika methali hii kama rungu. Kijana akirudi usiku mara mbili tatu, mtaa umeshamwita mwizi. Msichana akicheka na mgeni, kesi imekwisha kukatwa barazani. "Dalili ya mvua ni mawingu," husema, na hapo mjadala umefungwa. Kumbe kijana yule alikuwa akitoka kazini zamu ya usiku, na mgeni yule ni binamu. Jina likishachafuka halianikwi likakauka kama karafuu.

Hapo ndipo penye hekima ya methali. Dalili inatosha kumfanya mtu ajiandae, aulize, aonye na azibe ufa mapema. Haitoshi kumhukumu mwenzake, kwa kuwa hukumu inataka ushahidi. Mzazi aliyeona mabadiliko kwa mwanawe na akae naye amuulize. Jirani mwenye shaka na achunguze kabla hajasema. Tuitumie methali hii kujikinga na maafa, tusiitumie kumtia mtu hatiani.