Je, Mjumbe Aweza Kuzipamba Habari?

Wazee walisema mjumbe hauawi. Maana yake, mtu aletaye habari asiadhibiwe kana kwamba yeye ndiye aliyezitunga, hata zikiwa chungu namna gani. Msemo huu humlinda mjumbe, lakini pia humdai. Ikiwa sisi tunaosikiliza tunakatazwa kumdhuru, yeye naye anakatazwa kutudanganya. Basi, ndugu wasomaji, tujiulize: mjumbe akizipamba habari kidogo ili watu wawili wapatane, je, ametenda wema au amekosa?

Wengi wetu tungejibu upesi kwamba amani ni bora kuliko maneno makavu. Kabla ya kujibu hivyo, na tuyatazame maisha ya balozi mmoja wa karne ya 19, Anson Burlingame wa Marekani, aliyetumwa kwenye utawala wa Kaisari wa China.

Burlingame alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York, akawa mwanasheria, kisha mbunge wa Massachusetts. Hakuwa mtu wa kuficha neno. Mwaka 1856 mbunge mmoja wa kusini, Preston Brooks, alimpiga Seneta Charles Sumner kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti, kwa sababu Sumner alikuwa ametoa hotuba ya kuupinga utumwa. Burlingame alisimama bungeni akakilaani kitendo hicho waziwazi. Mwaka 1861 Rais Lincoln alimteua kuwa balozi huko Austria, lakini Austria ilimkataa, kwa kuwa aliwahi kuwatetea Wahungari waliodai uhuru wao. Ndipo akapelekwa China, akafika Peking mwaka 1862.

Alikuta nchi yenye majeraha. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yameuingia mji huo na kuliteketeza Jumba la Kiangazi la Kaisari. Kaisari mpya alikuwa mtoto mdogo. Mambo ya nchi za nje yalikuwa mikononi mwa baba yake mdogo, Mwanamfalme Gong, na ofisi iliyoundwa mwaka 1861. Mabalozi wa kigeni hawakuruhusiwa kuonana na Kaisari huyo mpaka mwaka 1873. Hivyo Burlingame alifanya kazi yake yote mjini humo bila kupokewa naye hata mara moja.

Wafanyabiashara wengi wa Kizungu waliokaa China waliamini kwamba Wachina husikia sauti ya manowari tu. Burlingame alishika njia nyingine. Alipatana na mabalozi wa Uingereza, Ufaransa na Urusi kwamba mashauri yapelekwe kwa serikali ya Peking kwa maneno, wala isitumike nguvu dhidi ya wakuu wa mji huu au ule. Tena alimsaidia mmisionari W. A. P. Martin kuwafikia wakuu wa China na tafsiri yake ya kitabu cha Henry Wheaton juu ya sheria za mataifa, iliyochapishwa mwaka 1864. Jambo hilo yafaa tulifikirie. Kumpa mnyonge kitabu kinachomwonyesha haki zake mbele ya wenye nguvu ni tendo la mtu mwaminifu.

Mwezi wa Novemba 1867, alipokuwa akijiandaa kurudi kwao, Wachina walimwomba jambo lisilotazamiwa: awe mjumbe wao kwa mataifa ya Magharibi. Mkataba wa Tientsin wa mwaka 1858 ulikuwa karibu kutazamwa upya, nao waliogopa kulazimishwa. Burlingame alijiuzulu ubalozi wa Marekani, akasafiri pamoja na wakuu wawili wa Kichina, Zhigang na Sun Jiagu.

Je, hapo alijaribu kuwatumikia mabwana wawili? Sisi hatuoni hivyo. Aliuacha utumishi wa kwanza mbele ya watu wote kabla ya kuushika wa pili, na kila aliyekutana naye alijua anamsemea nani. Ubaya wa kutumikia wawili umo katika kuficha. Yeye hakuficha.

Kosa lake tunaliona mahali pengine. Mwezi wa Juni 1868, katika karamu mjini New York, alitoa hotuba tamu mno. Aliieleza China kama nchi iliyonyosha mikono kuupokea ustaarabu wa Magharibi, inayowaalika wafanyabiashara, tena inayowakaribisha wamisionari wasimamishe msalaba kila mahali. Wasikilizaji walifurahi. Lakini huko China kwenyewe, mwaka 1867 serikali ilikuwa imewauliza wakuu wa majimbo maoni yao, na walio wengi walizipinga reli na simu za waya. Waliomtuma Burlingame walitaka wapewe muda. Yeye akawasemea kana kwamba wana haraka.

Hatukatai kwamba safari ile ilizaa matunda. Mkataba uliotiwa sahihi Washington tarehe 28 Julai 1868 ulisema Marekani haina nia ya kuingilia mambo ya ndani ya China, ukakubali pia watu wa nchi hizo mbili wahamie kwa hiari yao. Mwezi wa Desemba serikali ya Uingereza nayo iliahidi kutoilazimisha China. Burlingame akaendelea Paris, Berlin na kwingineko, hata St. Petersburg, na huko akafa kwa homa ya mapafu tarehe 23 Februari 1870, akiwa na miaka 49.

Miezi minne baadaye, huko Tientsin, umati wenye hasira ulimwua balozi mdogo wa Ufaransa, watawa 10 wa Kikatoliki na wengine, wakiwamo Wakristo wa Kichina. Uvumi mbaya juu ya watoto yatima ulikuwa umeenea, na balozi mdogo huyo naye alikuwa amefyatua risasi. Hotuba ya New York haikuyaleta mauaji hayo. Lakini waliokuwa wameiamini hotuba ile hawakuwa wameandaliwa kuyaelewa. Mtu aliyeambiwa kwamba mlango uko wazi, akiukuta umefungwa, humwona mwenye nyumba kuwa mwongo, kumbe mwenye nyumba hakusema neno.

Vivyo hivyo kuhusu wahamiaji. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina, na mlango huo haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1943. Chanzo chake kilikuwa dharau na wivu wa kazi, wala si Burlingame. Hata hivyo twajifunza kwamba sifa nyingi hazimfundishi mtu kumpenda jirani. Wamarekani walikuwa wameonyeshwa Mchina wa kwenye hotuba. Aliyekuja kufanya kazi kando yao hawakumjua.

Mtu atasema: kama angesema ukweli mtupu, nani angemsikiliza? Ni swali la haki. Tunajibu kwamba alikuwa na ukweli wenye nguvu ya kutosha. Angeweza kusema: watu hawa wameonewa, wanatuogopa, wanaomba muda, na haki inatutaka tuwape. Maneno hayo yasingepigiwa makofi mengi, lakini yangesimama hata baada ya habari za Tientsin.

Wajumbe wapo hata kwetu. Mshenga aendaye kuposa hujaribiwa kumfanya kijana mlevi kuwa mnywaji wa chai. Sisi tuliokuwa walimu twalijua jaribu hili: mzazi amekuja kutoka mbali kuuliza habari za mwanawe, na neno tamu li karibu mdomoni. Mzee wa kanisa apatanishaye ndugu waliogombana naye humwambia huyu kwamba mwenzake anajuta, na kumbe hajajuta bado. Wote hawa wanataka heri. Lakini wanaoana, wanaosoma na wanaopatana watakuja kuishi na ukweli wenyewe, wakati mjumbe amekwisha kwenda zake.

Basi, upole wa mjumbe na uonekane katika sauti yake, na katika kuchagua saa ya kusema. Habari yenyewe si mali yake. Ameazimwa na aliyemtuma, naye hana budi kuifikisha ikiwa nzima. Tukitumwa wiki hii kwa jirani, kwa mkwe au kwa ndugu tuliyekosana naye, tujiulize kwanza: aliyenituma angekuwapo na kusikia, angeyatambua maneno haya kuwa ni yake?