Upanga na Huruma

Katika filamu ya The Assassin, iliyompatia Hou Hsiao-hsien wa Taiwan tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwaka 2015, twaonyeshwa China ya zama za Tang, na mwanamke Nie Yinniang, aliyelelewa na mtawa akafunzwa kuua madhalimu. Amwendeapo mkubwa mmoja wa serikali na kumkuta amempakata mwanawe, mkono humlegea. Mtawa humkaripia: siku nyingine amuue kwanza yule apendwaye, ndipo amuue dhalimu mwenyewe. Hapo ndipo ilipo, kwangu mimi, ubatili wa elimu ile, kwani hukumu isiyostahimili kumtazama mtoto wa mwenye kuhukumiwa si hukumu ya haki, hata kama dhulma ya mhukumiwa ni dhahiri.

Wala huruma ile si udhaifu wa moyo. Yinniang atumwapo kumuua binamu yake Tian Ji'an, mtawala wa jimbo la Weibo, ambaye zamani aliposwa naye, humwacha hai kwa kuwa warithi wangali wadogo, na mauti yake yangeliitia nchi katika fitina. Je, amehini amana? Mtawa aona hivyo, akamjibu kwa silaha. Nami nasadiki kuwa Yinniang peke yake ndiye aliyewakumbuka raia.